Kununua buti za mlimani na porini ukiwa Dar es Salaam: mwongozo kamili

Buti nyingi zinazoachia soli kule Uluguru au Kilimanjaro hazikuharibikia huko. Zilianza kufa zikiwa Dar, kabatini au kwenye meza ya muuzaji, kwa joto na unyevu wa pwani. Mnunuzi aliziona ngozi inang'aa, meno ya soli bado marefu, akalipa akaondoka. Siku ya pili ya safari soli inafunguka kama mdomo wa samaki, na aliyezivaa anamaliza njia kwa ndala za kuazima.

Kwa hiyo, mwongozo huu unaanza na mguu, unaenda kwenye soli, halafu ndipo unafika kwenye ngozi, chapa na bei. Watu wengi hununua kwa mpangilio ulio kinyume kabisa na huo.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda wapi

Kama safari yako ni Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, kutembea asubuhi na kurudi mchana, huhitaji buti nzito. Raba yenye soli ngumu na meno kidogo inatosha, na hela iliyobaki weka kwenye soksi nzuri.

Uluguru ni habari nyingine. Njia za kupanda Bondwa, kile kilele chenye minara juu ya mji wa Morogoro, zina udongo wa mfinyanzi unaoteleza hasa baada ya mvua, na mizizi imetanda njia nzima. Hapo unataka meno marefu kama milimita nne au tano, yenye nafasi kati yake ili tope lidondoke lenyewe. Meno yaliyobanana hujaa udongo mara moja, na ukishajaa unatembea kama umevaa sahani. Maporomoko ya Sanje kule Udzungwa yanadai hivyohivyo, ukiongeza mawe yenye maji. Milima ya Usambara upande wa Lushoto ina njia nyingi pana zinazopita vijijini, na buti nyepesi ya kitambaa inakufikisha vizuri.

Kilimanjaro inadai buti iliyokamilika: inayofunika kifundo cha mguu, isiyoingiza maji, yenye soli isiyokunjika kirahisi. Usiku wa kuelekea kileleni unapanda kwenye kokoto zinazorudi nyuma kila ukikanyaga, na baridi inashuka chini kabisa ya sifuri. Lakini kwa maoni yangu, mtihani mkubwa kwa buti ni kushuka. Anayeshukia njia ya Mweka anatoka mita 5,895 hadi getini chini ya mita 1,700, zaidi ya mita 4,000 za mteremko, kwa kawaida ndani ya siku mbili. Kucha za vidole vikubwa hufia hapo, kwa buti iliyobana mbele au iliyofungwa ovyo.

Wanaokwenda porini kuwinda nitawarudia chini, maana mahitaji yao yanatofautiana na ya wapanda milima kuliko wauzaji wanavyodhani.

Hatua ya pili: pima mguu, usiulize namba

"Unavaa namba ngapi?" ndilo swali la kwanza la kila muuzaji, na halina msaada mkubwa. Namba 42 ya kiwanda kimoja ni 41 na nusu ya kingine. Pima sentimita.

Fanya hivyo jioni, baada ya siku ya kutembea, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kwa joto la Dar huvimba kwelikweli. Vaa soksi utakazovaa safarini. Weka karatasi sakafuni, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, simama uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, kisha mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa wengi ni kidole gumba, kwa wengine ni kinachofuata. Pima miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja umeuzidi mwenzake, na buti hununuliwa kwa ule mkubwa.

Ukiwa na sentimita zako, namba ya Ulaya unaipata kwa hesabu rahisi: ongeza sentimita moja na nusu, halafu zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 26.5 unakuwa 28, na 28 mara 1.5 ni 42. Hapo ndipo pa kuanzia kujaribu. Kwa buti za mlima wengi huishia kupanda nusu namba au namba nzima. Lebo nyingi zina pia kipimo cha milimita au sentimita, mara nyingi chini ya ulimi wa kiatu. Ukikikuta, kitumie hicho, kinafunga mjadala wa namba za Marekani, Uingereza na Ulaya.

Upana nao usisahaulike. Miguu mingi ya kwetu iliyokulia kwenye ndala na pekupeku ni mipana mbele, na buti nyingi za mlima hutengenezwa kwa mguu mwembamba. Ukiona ngozi ya pembeni inatutumka pale kwenye kiungo cha kidole kidogo, achana nayo. Muuzaji atakwambia itajiachia. Kwa urefu haijiachii hata siku moja, na kwa upana hujiachia kidogo sana.

Hatua ya tatu: soli, na hapa usiwe na haraka

Soli ya buti ina tabaka. Chini kabisa kuna mpira wenye meno. Katikati kuna tabaka laini linalopokea kishindo, na hili ndilo linaloamua maisha ya buti ingawa hakuna anayeliangalia. Juu yake kuna ubao mgumu unaozuia buti isijikunje kama raba.

Tabaka la katikati huwa la aina mbili kuu. Ya kwanza ni EVA, nyepesi na laini. Hii huchoka kwa kubonyea, lakini haimomonyoki ghafla. Ya pili ni poliurethani, inayoandikwa PU, nzito kidogo na inayodumu zaidi chini ya mzigo, ndiyo maana buti nyingi nzuri za mlima zinaitumia. Shida yake ni unyevu. Mvuke wa hewani unaivunjavunja taratibu kutoka ndani, na joto huharakisha kazi hiyo. Buti inaweza kukaa boksini miaka kadhaa bila kuvaliwa, na siku unapoivaa soli inamomonyoka. Tena zinazokaa tu huathirika kuliko zinazotembea, jambo linaloshangaza wengi.

Sasa fikiria mtumba. Buti imekaa stoo ya mtu huko Ujerumani miaka, ikafungwa kwenye robota, ikavuka bahari ndani ya kontena la moto, ikafunguliwa Mchikichini, pale Karume, ikapangwa juani. Muuzaji anakuinulia:

"Bosi wangu, hii gredi ya kwanza. Haijatembea hata kilomita, ona meno."

Meno hayo ndiyo yanapaswa kukutia shaka. Buti ya mlima ya miaka mingi ambayo soli haijaisha ni buti iliyokaa. Ichukue, igeuze ubavu, na utazame ule mstari wa tabaka la katikati, kati ya mpira na ngozi. Unatafuta mikunjo myembamba kama ya ngozi ya mzee, au nyufa ndogondogo. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: PU nzima inabonyea na kurudi, iliyooza inaacha alama, inanata, au inatoa unga. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje kwa nguvu, urudie mara nyingi. Muuzaji atalalamika, "Sasa bosi, mbona unaiumiza?" Mjibu kwa upole kwamba mlima utaiumiza zaidi. Ukisikia mlio wa kukatika, au ukaona mwanga umejitokeza kati ya soli na ngozi pale mbele, irudishe mezani hata kama bei imeshuka nusu.

Angalia pia lebo chini ya ulimi, kwani viwanda vingi huchapa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Buti yenye soli ya PU iliyopita miaka mitano au sita mimi siichukui kwa safari ya siku nyingi, iwe nzuri vipi. Kwa matembezi ya Pugu, sawa, ikikufia utapanda bodaboda.

Neno kuhusu nembo ya njano ya Vibram. Ni kampuni ya Kiitalia iliyoanzishwa na Vitale Bramani, mpanda milima aliyepoteza wenzake sita katika ajali ya milima ya Alps mwaka 1935. Baada ya ajali hiyo akatengeneza soli ya mpira yenye meno kuchukua nafasi ya zile za misumari. Soli zake ni nzuri kweli. Ila nembo ile inazungumzia mpira wa chini tu. Tabaka la katikati linaweza kuwa PU iliyooza huku Vibram ya chini ikiwa haina hata mkwaruzo, na mpira bora hausaidii kitu ukiwa umebaki njiani nyuma yako.

Mwisho kuhusu soli: iliyoshonwa kwenye ngozi inarekebishika kuliko iliyogandishwa kwa gundi pekee. Ukiona uzi unazunguka ukingoni, chunguza kama ni mshono kweli au ni mapambo yaliyochorwa kwenye mpira. Yapo mengi ya namna hiyo Kariakoo.

Hatua ya nne: ngozi, kitambaa na utando wa maji

Ngozi nzima, isiyo na viungo vingi, hudumu zaidi na huhimili miiba. Kila mshono ni mahali ambapo uzi utakatika au maji yatapenya. Kitambaa cha nailoni ni chepesi, kinapitisha hewa na hukauka haraka, ila mbele na pembeni kiwe kimekingwa kwa mpira au ngozi.

Buti zenye utando kama Gore-Tex huzuia maji ya nje na kuruhusu kiasi cha mvuke wa jasho kutoka. Kwenye baridi ya mlimani zinafanya kazi vizuri. Kwenye joto la bondeni zinakuwa kama sufuria iliyofunikwa, na maji yakishaingia kwa juu hayatoki. Ushauri wangu: kwa Kilimanjaro na Meru, chukua zenye utando. Kwa Uluguru ya kiangazi, Pugu na porini, chukua zisizo nao, zikilowa zitakauka.

Utando wa mtumba usiuamini kwa maneno. Ukifika nyumbani jaza beseni maji hadi chini kidogo ya pale ulimi unapoanza, simamisha buti ndani ikiwa imesokotwa gazeti kavu, subiri nusu saa. Gazeti litakueleza.

Jihadhari na buti za saiti, zile zenye chuma mbele, ambazo Kariakoo zimejaa na bei yake inavutia. Ni imara, hilo halina ubishi, na fundi ujenzi anazihitaji. Kwenye mteremko mrefu vidole vinagonga chuma kila hatua, na kwenye baridi chuma hicho kinavuta joto la vidole.

Hatua ya tano: kujaribu

Nenda na soksi zako mwenyewe. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu hadi mbele vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kiingie bila kulazimisha. Kisha gonga kisigino nyuma, ufunge kamba, utembee. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti, hapo malengelenge yameshaandikwa.

Halafu tafuta ngazi. Ukiwa kwenye duka kubwa lenye ngazi, zitumie. Ukiwa Karume au Kariakoo mwombe muuzaji ukanyage ukingo wowote unaoteremka, huku muda huo umemwachia hela au kiatu chako. Shuka kwa kishindo. Vidole vikigusa mbele hata mara moja, namba ni ndogo. Watu hujaribu kwa kutembea sakafu tambarare, ambako buti yoyote ni nzuri.

Kuhusu bei, mtumba ulio mzima huwa na thamani kuliko buti mpya za bei rahisi zisizo na jina. Anayekwenda Kilimanjaro mara moja maishani na uwezo upo, anunue mpya ya chapa inayojulikana na aombe risiti. Moshi na Arusha vifaa vya kukodi vipo vingi, majaketi, fimbo, mifuko ya kulalia. Kodi vyote hivyo, lakini buti iwe yako. Buti ya kukodi imeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine.

Kwa wanaokwenda kuwinda

Mwenye leseni anayeingia porini msimu unapofunguliwa mwezi Julai anakuta kiangazi: majani makavu, miiba, ardhi ngumu, na jua. Hahitaji utando wa maji wala buti ya kilo nyingi. Anahitaji soli ambayo mwiba wa mgunga hautaitoboa na ambayo haipigi kelele. Mpira laini kidogo unatua kimya kuliko ule mgumu wa mlimani, na meno mafupi hayabebi vijiti. Ukivuka mbuga za udongo mweusi zikiwa na unyevu, meno marefu yatakupandisha kimo na kukuchosha ndani ya dakika chache.

Rangi ni jambo la maana hapa. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo buti, soksi na suruali ziwe za kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Usinunue chochote chenye mabaka ya kijeshi: raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na kisingizio cha uwindaji hakitakusaidia kwenye kizuizi cha barabarani.

Buti ipande juu ya kifundo. Kifutu hulala njiani bila kujisogeza, hung'ata anayemkanyaga, na mara nyingi ni kwenye mguu chini ya goti. Ngozi nene haimaanishi uko salama, lakini ni bora mara nyingi kuliko raba. Gaita za turubai, yaani vifuniko vya mguu vinavyovaliwa juu ya buti, huzuia pia mbegu za mbigili, kupe, na ule upupu unaomfanya mtu mzima avue suruali mbele ya watu.

Wapo watakaokwambia babu zao waliwinda na katambuga za tairi. Ni kweli, na Wamasai wanatembea nazo siku nzima hadi leo, maana tairi haitoboki kirahisi. Wamezizoea tangu utotoni. Mguu uliokaa ofisini Posta miaka kumi hauzoei kwa wikiendi moja.

Soksi, kamba na kuzizoeza buti

Soksi za pamba hunyonya jasho na kukaa nazo, na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka. Tafuta za sufu au mchanganyiko wa nailoni. Kwenye mitumba zipo nyingi. Ukipenda kuvaa mbili, ya ndani iwe nyembamba na laini, na ujaribu buti ukiwa nazo zote. Kuongeza soksi ya pili usiku wa kileleni kwenye buti iliyokwisha kubana kunazidisha baridi, kwa sababu damu haifiki vidoleni.

Kamba hazifungwi namna moja siku nzima. Kupanda, legeza juu ili kifundo kijikunje. Kushuka, kaza: pale kamba inapoacha mgongo wa mguu na kuanza kupanda kifundo, zungusha kamba mara mbili badala ya mara moja, vuta, halafu endelea juu. Mzunguko huo wa ziada unashika kisigino nyuma na kuokoa kucha. Ukiongeza na kukata kucha siku chache kabla, umemaliza sehemu kubwa ya matatizo ya Mweka.

Buti za ngozi zivae nyumbani jioni kwa wiki ya kwanza, halafu sokoni, halafu panda na kushuka daraja la waenda kwa miguu pale Manzese ukiwa na begi mgongoni. Baadaye nenda nazo Pugu asubuhi nzima. Sehemu ikianza kuwaka moto, simama hapohapo ubandike plasta; ukingoja lengelenge litokee umechelewa.

Kuzitunza kwenye hewa ya pwani

Ukirudi safari, toa kamba na soli za ndani, sugua tope kwa brashi na maji, sokota magazeti ndani, na uyabadilishe yakilowa. Zikaukie kivulini penye upepo. Usizianike juu ya bati, wala kuziweka karibu na jiko la mkaa, wala kuziacha ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi inayeyuka na ngozi inapasuka. Zikikauka paka mafuta ya ngozi au kiwi.

Usizifungie kwenye mfuko wa nailoni. Hapa Dar ukungu unaota ndani ya wiki chache, na unyevu uliofungiwa unaimaliza PU. Zikae wazi mahali pakavu, uzivae hata kwa safari fupi za mtaani. Ukungu ukitokea, futa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kausha, paka mafuta.

Soli ikianza kuachia ukingoni, mpelekee fundi viatu mapema. Mwombe aikwangue gundi ya zamani yote kwanza, aweke mpya, abane hadi kesho yake, ndipo ashone kuzunguka kwa uzi mnene wa nailoni. Wengi huruka kukwangua, na gundi juu ya gundi haishiki. Kwenye PU iliyokwisha kuoza fundi hana cha kufanya, uzi utakata tu kama unapita kwenye keki. Labda abadilishe soli nzima, na hapo uliza bei kwanza.

Kwenye begi weka tepu pana na ngumu inayonata, kamba moja ya akiba, sindano nene na kipande cha uzi. Na ukielekea Moshi, kwa basi kutoka Mbezi au kwa ndege, safiri umevaa buti zako au umezishika mkononi. Begi likipotea, jaketi na fimbo utakodi asubuhi hiyohiyo, lakini buti zilizozoea mguu wako hutazipata popote mjini.